Kasuku Wako Amepata Tundu la Saizi Yake

Ihembe, msimu wa kuchuma kahawa

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika hilo neno kisha nikakaa na kalamu mkononi kama mjinga, nangoja marahaba. Mazoea hayo. Hata hili la kukuita Baba ni la karatasi tu, maana shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza hivyo. Mdomoni mwangu wewe ni Tata, na utabaki Tata.

Ni miezi mitano sasa tangu tukulaze nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, karibu na migomba uliyoipanda mwaka aliofariki Mama. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, kama kawaida yake ya kutukomoa. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Baiskeli yako naiendesha mimi, na breki bado ni ileile ya kuburuza mguu chini. Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya mbuzi wala baiskeli. Nimekaa kukuandikia habari za Karani.

Unakumbuka ulivyomleta? Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, sabuni kwa foleni na matairi ya kutafuta kwa tochi. Ukaenda Murongo, kule mpakani, kutafuta tairi la nyuma, ukapotea siku mbili, ukarudi unakokota baiskeli, tairi lilelile bovu limezungushiwa kamba za mgomba, na kwenye keria kuna boksi lililotobolewa matundu. Ndani yake ndege wa kijivu, mkia mwekundu, amenuna. Mama alikutazama wewe, akalitazama boksi, akakuuliza hilo tairi linajazwa upepo wapi. Ulicheka hadi ukakaa chini kwenye majani ya kahawa. Ulimwita Karani siku hiyohiyo, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa na kumkagua mtu kwa jicho moja, sawasawa na karani wa mizani anapoitilia shaka kahawa yako.

Na hapo ndipo ulipokosea, Baba. Niruhusu niseme, hukuwa mtu wa kununa ukiambiwa.

Wewe ulikuwa msukaji wa matenga ya kuku. Nani Ihembe nzima alikuwa hana tenga lako? Wachuuzi wa kuku walikuja hadi kutoka Ihanda. Kipimo chako kilikuwa kimoja: unamchuchumalisha kuku, unaweka kiganja kimoja huku na kiganja kimoja huku, basi. Ulinifundisha sababu yake nami nikiwa nakushikia fito: kuku akipata nafasi tengani atarukaruka njiani, baiskeli ikigonga jiwe avunjike mguu. Kubanwa ndiyo usalama wake. Ndivyo ulivyompima Karani. Ulimchuchumalisha, akakung'ata kidole, ukaweka viganja vyako viwili, ukamsukia tenga zuri kuliko yote uliyowahi kusuka, lenye mlango na ndoano ya kutundikia darini. Wala hakukuwa na mtu wa kukuuliza: huyu anasafiri kwenda wapi?

Miaka kumi na miwili Karani alikaa ndani ya tenga la safari. Kilichomponya ni kwamba jioni ulimfungulia, akatembea mezani na kukuibia maharage. Msimu wa senene, panzi wanapojaa hewani, ndiyo usiseme. Alizijua kabla hazijakaangwa, akapiga kelele kama mtu anayedai haki yake.

Na alivyokuiga sauti! Watoto wakipita njiani kwenda shule wakisema shikamoo, ulikuwa unawajibu kutoka popote ulipo: "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Haikuchukua muda, akawa anawajibu yeye. Sauti yako ileile, pamoja na kale kakohozi unakokatanguliza. Yule mwinjilisti kijana alisimama mlangoni siku moja akazungumza na nyumba tupu, akaeleza vizuri kabisa kwamba amekula, asante, hadi alipokuona unatokea kibanjani na jembe begani. Jumapili iliyofuata alishindwa kututazama.

Kisha ukaugua. Sipendi kuukumbuka ule mwaka, lakini kuna siku moja lazima nikukumbushe. Ulikuwa huwezi tena kugeuka mwenyewe kitandani. Nilikuwa nimemaliza kukugeuza, nakuwekea nguo mgongoni, nawe unamtazama Karani kwenye tenga lake, ncha ya mkia imepinda pale inapogusa fito. Ukasema, "Koku, mimi nikitaka kugeuka nakuita wewe. Yeye amwite nani?" Halafu ukasema, "Nilimpima kama kuku. Mtafutie nyumba inayomtosha. Na usimpe mtu." Nikajibu ndiyo, Tata. Nilijibu haraka, Baba, mawazo yangu yako kwenye uji uliokuwa jikoni.

Siku tulipokuzika Karani alinyamaza.

Nilidhani ni kelele za watu. Watu wakaondoka, naye akaendelea kunyamaza. Watoto waliendelea kusalimia wakipita, wiki ya kwanza, ya pili, halafu wakaacha. Wengine sasa wanapita mbio. Mimi kwa woga wangu sikumfungulia hata jioni moja, nikiogopa asiruke akapotelea kwenye migomba nikabaki bila kitu. Nikaanza kufagia manyoya chini ya tenga. Kwanza machache. Baadaye kila asubuhi. Alikuwa anajing'oa mwenyewe kifuani, hadi ngozi ikaonekana, nyekundu, ya kutia huruma. Picha yako ninayo moja tu, ile ya kitambulisho, umekunja uso kana kwamba mpiga picha alikutukana. Sauti yako alikuwa nayo yeye peke yake. Nilijua akifa, nitakuzika mara ya pili.

Nikamwita bwana mifugo kutoka Kayanga. Alikuja na pikipiki yake, akatazama tenga, akavua kofia. "Dada, kazi yangu mimi ni ng'ombe," alisema. "Lakini hata mtu wa ng'ombe anaona kwamba huyu ana mabawa. Mfungulie ndani, funga madirisha. Akikunjua mabawa yote mawili, pima hapo. Chini ya hapo usimweke." Akaniambia pia nitazame upana, nisihangaike na urefu wa kwenda juu, kwa kuwa ndege harukii juu tu kama moshi. Na matundu ya wavu yasipitishe kichwa chake.

Kumbe kumpima ndiyo kazi. Karani aligoma kukunjua chochote. Siku tatu alikaa juu ya kiti chako amejikunyata, nami nimekaa mbele yake na kamba mkononi, kahawa inaniozea shambani. Siku ya nne nikakumbuka ulivyokuwa ukimnyunyizia maji kwa majani ya mgomba wakati wa kiangazi. Nikamnyunyizia. Baba, alifungua mabawa! Yote mawili, polepole, akitetemeka, kama mtu anayeshuka kwenye lori baada ya safari ndefu. Nikapima: kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, kisha vidole vinne zaidi. Nikalitazama tenga lako pale darini. Hata bawa moja lisingeenea. Nililia pale pale, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Tundu la kwanza nililisuka mwenyewe, la matete, kubwa. Alilitafuna siku mbili, siku ya tatu nikamkuta juu ya kabati. Nikaenda kwa fundi seremala pale senta. Alikuwa na moja tayari, refu, jembamba, lina paa kama la kanisa, limepakwa rangi ya kijani. Zuri, sikatai. Nikaingiza mkono hadi kiwiko, vidole vikagonga ukuta. Nikamwambia halimtoshi. Akasema hata yeye chumba chake hakimtoshi na bado anaimba. Nikamwachia kanisa lake.

Nilirudi nimechoka, nikakaa kwenye kitanda chako. Bado kilikuwa chumbani, kimesimama kitupu, hakuna aliyekilalia. Nikapima godoro kwa mkono, bila kufikiri. Upana wake mikono miwili, karibu mara mbili ya mabawa ya Karani. Miguu minne ya mninga, migumu, hakuna mdomo wa ndege utakaoimaliza leo wala kesho. Nikakumbuka maneno yako: yeye amwite nani.

Basi nilikipindua, Baba. Nikakata mbao za ubavuni nusu, miguu ikawa nguzo za pembeni, na wavu nikautoa kwenye kichanja kile cha zamani cha kukaushia kahawa. Ndani nikaweka matawi mawili ya mkahawa, moja huku, moja kule, ili awe na safari ya kufanya. Tenga lako sikulitupa. Nimelitundika jikoni, ninatia vitunguu.

Shangazi alisikia. Dada yako hajawahi kuchelewa kusikia jambo. Alipanda baiskeli ya mtu kutoka Ihanda, na miguu yake ile inayomuuma, akafika amevimba kwa hasira. Nilimsikia tangu njiani: "Kitanda alichofia mdogo wangu, Koku! Unamlaza ndege!" Alikuja kukitoa, kirudishwe kuwa kitanda au kichomwe, na ndege aondoke. Nilisimama mlangoni. Lakini mkubwa hazuiwi kuingia nyumba ya mdogo wake. Nikapiga goti, nikamsalimia, maana ndivyo ulivyonilea.

"Shikamoo, Shangazi."

Kabla hajafungua mdomo, ndani kukasikika kakohozi.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Ee Baba. Miezi mitano.

Shangazi alibaki mguu mmoja kizingitini. Wewe maisha yako yote ulimwamkia yeye; leo sauti yako imewahi kuichukua marahaba iliyokuwa yake. Alishika mlango, akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri. Baadaye alijifuta macho, akaingia, akamtazama Karani akiruka tawi hili hadi lile, mabawa wazi, hayagusi popote. Akasema, "Mwache. Anageuka vizuri kuliko alivyogeuka mwenye kitanda." Halafu akaniuliza mbona nimekonda. Tangu Januari nilikuwa naishi kwa chai na mabaki.

Tulipika ndizi na maharage, sufuria kubwa, wawili tu, tukamaliza.

Manyoya ya kifuani yameanza kuchomoza, madogo, kama ya kifaranga. Watoto wamerudi kusalimia. Jana mmoja alijibu kwamba hajakula, ikabidi nimpe kiazi.

Nakuaga, Baba. Pumzika hapo ulipolala, mahali pasipokubana. Nakuahidi Karani hatatoka nyumba hii maadamu mimi nipo, na nikija kuondoka ataachwa kwa mtu aliyempima mabawa kwanza. Jioni nitamfungulia kama ulivyokuwa ukifanya, ale maharage mezani. Na kila asubuhi nikipita mbele ya kitanda chako nitakusalimia, naye ataniuliza lile swali lako.

Nimekula, Tata.

Mwanao,
Koku