Mchezo wa Kutolia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Anayekukabidhi barua hii ni mjukuu wako Moraa, na aliyemleta ni Mama Rukia, rafiki yangu mwenye duka la leso hapa Kisii. Kabla hujasoma mbele, mpe mtoto uji, mwogeshe, mlaze. Magoti yanaendeleaje? Na yule fundi wa paa la jikoni, alirudi au alikula hela akapotea? Sisi afya tunayo, kwa hilo namshukuru Mungu. Mengine sijui nianzie wapi.

Shule zilipofungwa tulikwenda Kebirigo kwa mavyaa wangu, tukae mpaka Krismasi. Baba Moraa alitushusha akarudi kazini, akasema atakuja Jumamosi. Mama, umelea saba, lakini hukuwahi kufungiwa na mvua pamoja na wawili wa mjini kwenye nyumba isiyo na televisheni. Vitendawili viliniisha. Hadithi nikaanza kuzichanganya, fisi anamshinda sungura, na Kemunto na udogo wake ananisahihisha. Wakalia wanataka kurudi nyumbani Nyakoe kwenye katuni zao. Mavyaa alinitazama tu, nikaona haya.

Ndipo akaja wifi yangu Kwamboka, dada yake Baba Moraa. Akaniambia, "Wewe pumzika, wifi. Watoto tutawachezesha sisi."

Nilimbariki. Kila alfajiri akawa anawapeleka mtoni pamoja na binamu zao, anawamwagia maji baridi, na asiyelia anapewa kipande cha muwa. Moraa akawa bingwa. Alirudi anatetemeka, muwa mkononi, anacheka, nami nikacheka naye. Nilikuwa nalala mpaka jua linachomoza, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe.

Nilianza kuona vitu nikavipita. Moraa alishonewa gauni jipya, Kemunto hakushonewa. Wanawake walikuja jioni, wakiniona wanageuza mazungumzo. Kikisii changu unakijua, ni cha kununulia ndizi.

Halafu kuna neno moja. Miaka yote hii, tukichuma majani chai, wanawake wa huko huniita egesagane, wanacheka, nami naitika na kucheka nao. Nilidhani maana yake ni mtu wa pwani. Juzi namwogesha Moraa, nikamtania, "Njoo hapa, egesagane wangu." Akanikataza. Akasema Jumamosi ataacha kuwa egesagane. Nikamuuliza Jumamosi kuna nini. Akasema atakuja nesi na mkoba wake, na shangazi amewaambia ni mchezo uleule, ila siku hiyo asiyelia anachinjiwa kuku.

"Mama, mimi sitalia," akaniambia. "Wewe ulilia?"

Sabuni iliniponyoka. Kumbe egesagane ni msichana asiyekeketwa. Wanataka kumkeketa mtoto wangu, Mama. Serikali imekataza, kila mtu anajua, ndiyo maana wanangoja likizo na kufanya kimyakimya. Na si watu wabaya. Mavyaa huyuhuyu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipomzaa Kemunto. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba hakuna hata mmoja anayeona anafanya ubaya.

Nikapanda kilimani kwenye mtandao, mvua inaninyeshea, nikampigia baba yao. Nilitaka apige kelele. Nilitaka aseme anakuja sasa hivi. Akauliza tu, "Nani amekuambia?" Basi. Nikakata simu, nikakaa kwenye nyasi zilizolowa nikalia.

Leo asubuhi nilisema Moraa anaumwa jino, nampeleka Kisii ling'olewe. Mavyaa akasema sawa, lakini Kemunto abaki, ana mafua. Ningebishana angenishtukia. Kwa hiyo nimemwacha. Mama Rukia anakwenda Mombasa kufuata mzigo, atamshusha Moraa kwako Mazeras. Mimi narudi kumchukua mdogo. Nitapita kwa chifu, ila akiniambia nisubiri, sitasubiri.

Baba yao akija, mpe chakula, mkwe ni mkwe. Lakini asiondoke na mtoto, hata akilia machozi.

Nisalimie kaka Ngala, mwambie aache mnazi wake kidogo alale hapo nyumbani siku hizi. Shangazi Tabu wa mahamri naye umwambie Moraa anapenda ya moto, amtulize nayo. Na babu wa jirani, kama bado anatusumbua na redio yake, mwambie nimeikumbuka.

Mama, nilikuwa nimefika hapo simu ikalia. Ni mavyaa. Hakukasirika, sauti yake ni ileile ya upole. Ameuliza kama jino limetoka. Nimemwambia foleni ni ndefu. Akasema nisiwe na haraka, Moraa akae huko mpaka apone, hakuna kitakachoharibika.

"Huyu mdogo si yupo," akasema. "Leo amekwenda mtoni na wenzake. Hakulia hata kidogo."

Sina muda wa kuandika vizuri. Moraa akiuliza mdogo wake yuko wapi, mwambie yuko na mimi. Niombee iwe kweli.

Mwanao,
Mbeyu