Kikombe Ambacho Sikukiandika

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua. Ng'ombe wangu Madoa kapiga teke, ndoo ikapona. Saa kumi na mbili mjukuu wangu Naserian kanywa kikombe chake pale pale zizini, povu juu. Mama yake hajui.

Wiki ya pili hii Ester, mkwe wangu, anamchunguza mtoto tumbo hapa nyumbani, maana haachi kuharisha. Choo kilipimwa, hakina minyoo. Nesi akasema mwondoleeni maziwa wiki mbili, andikeni kila anachokula na tumbo linavyokwenda. Daftari limetundikwa jikoni. Asubuhi naandika mimi. Uji, ndizi, parachichi. Maziwa siandiki. Mtoto wa Kiarusha bila maziwa ni mtoto wa nani? Nimelea sita kwa maziwa. Hakufa hata mmoja.

Jumatano, 5 Machi
Tumbo limejaa kama ngoma. Kaharisha mara tatu. Kajichafua darasani, wenzake wamemcheka. Ningewapata hao!

Ester kaondoa maharage. Kaondoa na chapati. Mtoto wa miaka saba, shingo kama kijiti. Nimemwongezea kikombe cha jioni apate nguvu.

Ijumaa, 7 Machi
Ester kasema, "Mama, maziwa tumeyatoa na bado anaumwa. Basi siyo maziwa."

Nimebeba ndoo, nimetoka.

Jumatatu wanampeleka hospitali. Watamwingiza mpira kooni mpaka tumboni, waangalie. Mtoto kasikia. Kaja kitandani kwangu, kwa bibi yake. "Koko, utanishika mkono?"

Nimesema ndiyo. Mkono huu huu.

Jumamosi, 8 Machi
Leo nimemnyima. Kanifuata na kikombe chake cha bati, nikamwambia Madoa kagoma. Kalia. Nimemwona Madoa ananitazama, nikamtukana bure.

Jumapili, 9 Machi
Tumbo laini. Kaimba na watoto wenzake kanisani tangu mwanzo mpaka mwisho, hakukimbilia chooni. Wengine walisali. Mimi nilikuwa natazama tumbo la mjukuu wangu.

Ni mimi. Nilikuwa namuumiza mimi.

Baada ya chakula nimemwambia Ester. Sikuketi.

"Wiki mbili, Mama! Mtoto analia chooni, wewe unaandika uji?"

Sikujitetea. Nikasema niite mjinga, niite mchawi, ila huo mpira usubiri. Ester kalia sana. Kisha kanisukumia daftari. "Andika. Vyote."

Shule sijakanyaga. Herufi nilijifunza kanisani, ukubwani, kwa kitabu cha nyimbo. Nilijivunia sana. Leo nimeandika maziwa, maziwa, maziwa, asubuhi kumi na mbili, na zile jioni. Mkono umeuma. Uume.

Jumatatu, 10 Machi
Tumekwenda kwa nesi na daftari. Kasoma. Kanitazama juu ya miwani. "Bibi, wewe!" Kasema mpira usubiri kwanza. Wiki mbili zianze upya.

Ester katangulia njia nzima, daftari kwapani.

Jumatatu, 24 Machi
Nimekamua. Madoa katulia.

Wiki mbili, hakuna kuharisha. Mashavu yanarudi. Nesi kasema maziwa mabichi basi, ila mtindi tuujaribu, kijiko kimoja, tuone. Nimekifukiza kibuyu cha mama yangu kwa kijinga cha mzeituni pori, nimemimina maziwa, nimefunga. Yagande taratibu.

Kwenye daftari: uji mtupu, ndizi moja, tumbo laini.

Ester kapita jikoni. Kaniwekea kalamu mpya juu ya daftari. Hakulifungua kukagua.