Ndizi ya Kilio

Mama Kavira, muke wangu kule Vulamba,

Wavukire, umeamuka salama? Nilifika Beni muzima, lakini ile mihogo ulinifungia, askari ba barrière, benye kufunga njia, baliikula yote. Banakusifu sana kwa upishi.

Tulimuzika Kasereka. Waasi balimuua na panga mu shamba yake ya kakao, na mimi kaka yake muzee ndiye nilitupa udongo. Kisha balituletea mukate na chai ya maziwa. Nikasema: «Mimi hapana. Docteur alinikataza ngano na maziwa, vinaniharibu tumbo.» Unajua kwetu: mwenye kukataa chakula ya kilio, ndiye alimuloga marehemu, hata kama panga ni ya waasi.

Dada yetu Kahindo akapiga kelele: «Ugonjwa gani hiyo ya kuogopa mukate? Paluku, sema tu kama ni wewe ulimukula ndugu yako!»

Vijana bakasimama ku mulango, bakaniziba njia. Nikanyoosha mukono nichukue ule mukate, tumbo ipasuke kama inapenda.

Masika, mujane wa Kasereka, akanishika mukono. Akatoa ndizi mu sufuria, akaivunja, akanipa nusu. «Shemeji, tukule.» Ile nusu ingine akaikula mwenyewe, mbele ya bote. Tangu balete maiti, hakuwekaka kitu mu kinywa. Kahindo akakaa chini, akalia.

Njia ikifunguka nitarudia. Funga mulango mapema, kumbatia bajukuu, na usiolewe na mwingine kabla nifike.

Muzee wako,
Paluku