Karatasi ya Kufungia Chenilles

Hawa, sikia hii. Ile kitabu yangu ya zamani ya picha ya badudu, ile mi na we tulinunuaka kwa tata Alimasi, muuzaji ya bitabu ya zamani kule Musonoi. Jémima ameipasula! Belle-sœur yangu mwenyewe, bibi ya ndugu yangu!

Nilienda soko kununua chenilles ya kukauka, bale badudu tunakulaka. Mama mwenye kuuzisha ananifungia mu karatasi, naangalia: chenille ya rangi, ya kuchorwa na mukono. Ni ukurasa yangu! Chenilles ndani ya chenille, Hawa!

Namuuliza, mama, hii karatasi ulitosha wapi? Anajibu: "Jémima njo aliniletea. Iko nguvu, haikunywake mafuta. Kama uko na ingine, uniletee."

Nikamupigia Jémima. Unajua amesema nini? "Ni badudu tu, yaya yangu mukubwa. Si unakulaka badudu?" Na anacheka! Miaka sita mi nilitafuta ile kitabu mbele ya kuipata. "Si unakulaka badudu?"

Nimefika nyumba, imebakia ngozi ya kitabu tu. Sikulia. Nimefungua kabati. Album ya ndoa yake iko kwangu, ju nyumba yake inavuja. Nimeigusa na kidole: karatasi yake iko nguvu kupita yangu.

Niko ku pikipiki ya taxi-moto, album mu mukono, narudia soko.