Bi Verna Hajui Ninapoishi

Jolene, kaa chini kwanza, maana hili hutaliamini.

Nafasi yangu ya uuguzi pale chuo cha kaunti imeenda. Imeenda hivi hivi, leo mchana.

Chuo ni cha wakazi wa kaunti, sawa. Wakataka bili ya umeme yenye jina langu kabla ya saa kumi, kuthibitisha ninaishi hapa. Sasa mimi naishi kwa bibi, bili zote si zina jina lake?

Na unajua nani yuko kwenye dirisha la usajili? Bi Verna. Verna huyu huyu wa nyumba ya pili, tumepakana miaka kumi na tisa.

Nikamwambia, "Bi Verna, si unaniona kila asubuhi nikitoa takataka?"

Akaniangalia usoni. "Mpenzi, hapa kazini mimi sijui unapoishi."

SIJUI UNAPOISHI. Jolene, huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli mbele ya gereji yake.

Saa kumi ikagonga, akampigia simu anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Mimi nimesimama pale pale.

Nageuka niondoke, ananiita. "Mwambie bibi yako nitapita jioni kuchukua sahani yangu ya pai."

Sahani iko hapa mbele yangu, na gari lake ndilo hilo linaingia.

Nataka nimwambie alete kwanza bili yenye jina lake, ndipo nimpe sahani. Ungekuwa wewe ungefanyaje?