Shati la Sumaku Limemponza Mume Wangu

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu,

Shikamoo. Nakuandikia mbiombio kwa sababu zimebaki siku ishirini na moja kabla ya rufaa ya mume wangu na kitambaa nimeshakitandaza juu ya meza ya kukatia, naomba unishike mkono kabla sijatia mkasi. Lakini kabla ya tatizo lenyewe lazima ujue mimi nimeolewa na mwanamume wa aina gani, maana tuna miezi minne tu ya ndoa na mpaka leo nikisikia lango likigongwa jioni naiacha cherehani na sindano ikiwa hewani nakimbilia kioo, wifi yangu ananicheka anasema, "Huyo ni mumeo, si mgeni rasmi," namjibu wifi niache, kwangu mimi kila siku ni mgeni rasmi. Ana mabega mapana kama mlango wa ghala na sauti ya chini chini inayonifanya nisahau vipimo vya wateja, kuna mama nilimshonea sketi ikaburuzika chini kwa sababu tu Koplo alipita dirishani akanikonyeza.

Namwita Koplo kwa kuwa ndicho cheo alichotoka nacho jeshini. Tulikutana pale pale kwenye cherehani yangu. Alileta shati akaomba nimbadilishie vifungo niweke vikubwa, nikaweka, wiki iliyofuata akaja na shati lile lile akaomba vikubwa zaidi, nikaweka, mara ya tatu alipokuja nikamwambia, "Kaka, tukizidisha hapa tutakuwa tunashonea visahani." Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja, ndipo nikaona anavyoshika kile kifungo, anakitazama kama mtu anayetafuta kitu gizani, na nikajua kwamba vidole vyake havisikii.

Shangazi, lori lao lilipita juu ya bomu la kutegwa ardhini. Wawili waliokuwa naye walifariki hapo hapo, yeye alirushwa akaangukia shingo, mishipa ya fahamu ikabanwa, na tangu wakati huo mikono yote miwili ina ganzi. Sasa hivi kisigino cha kushoto nacho kimeanza kuburuta, nakisikia kwenye sakafu kabla hajafika mlangoni, na daktari wa kliniki ametuambia wazi kwamba asipofanyiwa upasuaji wa shingo miguu itafuata njia ya mikono. Upasuaji huo unafanyika hospitali ya jeshi, na hospitali ya jeshi inampokea mstaafu aliyepewa ulemavu wa asilimia ishirini kwenda juu. Koplo wangu, bodi ya madaktari wa jeshi imempa nane.

Tumehangaika mno kwenye ofisi ya mafao ya wastaafu. Faili limepotea mara mbili, tumetolewa dirisha la tatu tukapelekwa la tano, la tano wakasema mwenye muhuri yuko la tatu. Siku moja karani akamwambia, "Lete maelezo ya walioshuhudia ajali." Koplo akamjibu, "Waliokuwa na mimi wamezikwa, mama." Karani hata hakuinua macho, akasema, "Basi lete barua zao za zamani."

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Zawadi niliyompa Koplo tulipooana ilikuwa shati. Kwa nje lina vifungo saba vizuri vya rangi ya pembe, lakini vimeshonewa juu kama pambo tu, na chini ya kila kimoja nimeficha sumaku ndogo zile za kufungia mikoba, hivyo ukilegeza upande mmoja linafunguka na ukisogeza pande mbili linajifunga lenyewe. Siku aliyolivaa mara ya kwanza alilifunga akalifungua, akalifunga akalifungua, machozi yakamlenga, akasema, "Mke wangu, hii ni siri yetu ya chumbani, niapie hakuna mtu atakayejua." Nikaapa, Shangazi, nikiwa nimemshika mashavu, na nilijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote.

Siku ya bodi ya madaktari alivaa shati hilo. Nilimsubiri kwenye benchi la nje, nilikuwa napinda kola kwa mkono na sikumaliza hata upande mmoja, akatoka. Nikamuuliza imekuwaje, akasema, "Wameniuliza naendeleaje, nikasema vizuri, afande. Wameuliza kama navaa mwenyewe, nikasema ndiyo, afande. Nikapiga saluti nikatoka." Nikamwambia, "Koplo, ulikwenda kuomba ulemavu au kuomba kurudi kazini?" Akanuna njia nzima.

Barua ya majibu ilikuja na ile asilimia nane bila sababu, na tangu siku hiyo kila akirudi kutoka kwenye ghala la mbao anakoitwa msimamizi wa upakiaji, kazi yake ni kuwalaani wale madaktari watatu, anasema wamemdharau. Wiki mbili zilizopita nilikwenda ofisini peke yangu kufuatilia rufaa, yule karani akanifungulia faili nisome. Kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, hakuna shahidi kwamba shingo iliumia siku ile ya bomu. La pili nimelikariri mpaka naliota: "Mwombaji alivua na kuvaa shati lenye vifungo saba kwa haraka, bila msaada. Uwezo wa vidole ni wa kawaida."

Shangazi, nilirudia kusoma mara tatu. Ni mimi! Anawalaani madaktari na aliyemponza ni mimi niliyempenda!

Sijamwambia. Juzi amekuja rafiki yake wanayemwita Dereva, walikuwa kikosi kimoja, yeye siku ile aliendesha lori la nyuma. Akasema, "Sikiliza, Koplo, mimi nakutafutia kiti cha magurudumu na kola ya shingo, ile ya wagonjwa. Ukiingia, toa udenda kidogo. Shemeji hapa atalia, si unaweza kulia, shemeji?" Koplo alimfungulia mlango akamwonyesha barabara, akasema, "Mimi si mwigizaji." Kisha akanigeukia akaniambia, "Mke wangu, nishonee shati jipya jeupe kwa ajili ya rufaa. Kama lile lile. Nitasimama wima mbele yao waone wanamdharau nani." Nikamwambia labda safari hii aeleze habari za mikono, akasema kwa ile sauti ya chini, ila safari hii iliniogopesha, "Wenzangu wawili ndio walioumia. Mimi nilirudi. Ukienda kuwaambia watu kwamba unanifunga viatu, utakuwa umenivua nguo, na mimi sitaishi na mtu aliyenivua nguo."

Jana ameegemeza kiganja kwenye pasi ya moto huku ananisimulia kisa cha kazini anacheka, mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilipopiga kelele akasema, "Taratibu, majirani watadhani nakupiga." Ngozi imetoka yote, Shangazi, na yeye ananituliza mimi.

Uamuzi wa rufaa ni wa mwisho. Nishone sumaku kama alivyoniagiza nilinde ndoa yangu? Au nishone vifungo vya kweli, vidogo, nisimwambie, avue shati mbele yao ashindwe kulifunga, waone wenyewe? Nafikiria hili la pili usiku na mchana na najichukia. Nikimkosa yeye sina maisha, na nikikaa kimya namkosa vilevile, kidogo kidogo, kuanzia miguuni.

Ni mimi,
Bibi Arusi Mwenye Mkasi Mkononi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirusha mbele ya foleni, kwa hiyo waliotangulia wanisamehe. Mpaka ukurasa huu utoke mtakuwa mmebakiwa na siku kumi, na najua kwa ofisi za namna hiyo maelezo ya ziada hayapokelewi siku ya kikao. Uliza leo mwisho wake ni lini. Umenieleza mabega ya mumeo kwa ufasaha mkubwa, lakini tarehe hiyo hukuitaja.

Nianze na hilo linalokula usingizi wako. Shati lako halikumponza mtu. Daktari anayepima vidole kwa kutazama nguo amefanya uvivu, na uvivu huo ni wake. Hakumfumba macho mgonjwa akamgusa ncha za vidole. Hakumpa sindano au sarafu aiokote mezani. Mumeo ana haki ya kukasirika, na wewe huna haki ya kujibebesha kosa la watu watatu wenye vyeti. Kumrahisishia mume kuvaa si udanganyifu. Lakini tangu uliposoma lile faili, unajua kwamba shati limewapotosha. Ukishona la pili kwa kujua, hapo ndipo utakapokuwa umedanganya. Kwa hiyo sumaku, hapana.

Na hayo mawazo yako ya vifungo vya siri, aibu, mwanangu! Unataka mwanamume aliyerushwa na bomu alilotegewa na adui ategewe jingine na mkewe? Asimame kifua wazi mbele ya wageni, anapapasa, hajui kinachomtokea, na wewe uko nje kwenye benchi unapinda kola? Labda asilimia ishirini ungeipata. Mume usingempata tena. Ondoa hilo kichwani.

Uliapa kutunza siri, na mimi sichezei viapo. Ila aliyekuapisha ndiye anayeweza kukufungua, na hawezi kukufungua kwa jambo asilolijua. Unamwogopa Koplo kuliko unavyomwamini, na bado unaniambia unampenda kuliko wote waliowahi kupendwa. Miezi minne ya kukimbilia kioo inatosha. Sasa kaa naye umwambie yaliyoandikwa kwenye faili, neno kwa neno, kwa kuwa umeyakariri.

Mengine yafanyike hata kabla hajapoa hasira. Mpeleke kliniki leo na kiganja kile, daktari aandike kwamba aliungua bila kusikia, na aandike pia habari ya kisigino. Ombeni nakala ya faili kwa barua, mbaki na nakala ya barua yenyewe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ombeni kwa maandishi uruhusiwe kuingia naye chumbani, na apimwe vidole akiwa amefumba macho. Lile shati la kwanza mlipeleke kwenye kikao likiwa ndani ya mfuko, na mwenye kulieleza awe yeye, akikubali.

Halafu kuna huyo Dereva mliyemfukuza. Ushauri wake wa udenda ni upuuzi na ungewafikisha polisi. Lakini mwanangu, umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba aliendesha lori la nyuma, kisha ukapita! Ofisi inataka mtu aliyeona, na mtu huyo amekuja mwenyewe mpaka nyumbani kwenu. Nendeni mkamwombe radhi, aandike alichokiona siku ile, aape mbele ya wakili au hakimu. Asiongeze hata tone.

Najua utamwachia mumeo gazeti hili, maana kusema kwa mdomo utaanza, utalia, utamkumbatia, na jambo litapotea katikati ya mabusu. Mpe alisome. Kaa karibu yake. Unyamaze.

Sasa nasema na wewe, Koplo.

Mkeo hajakuvua nguo. Hakunitajia jina lako wala kikosi chako, na mimi nimeondoa mengine yote ambayo yangekutambulisha. Najua unaona ukikiri maumivu yako utakuwa unawaibia wale wawili heshima yao. Lakini uliposimama mbele ya bodi hukuwa unawaheshimu. Ulikuwa unatoa taarifa ya uongo kwa mkubwa. Kikosini bunduki ikikwama uliripoti kwamba inafyatua? Daraja likiwa limebomoka uliwaambia wa nyuma wapite? Ungefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na ungestahili. Umemfukuza rafiki yako kwa kutaka uigize ugonjwa, na hapo ulifanya vyema. Ila wewe umeigiza uzima, na umeigiza vizuri mno mpaka madaktari watatu wamekupigia makofi kwa asilimia nane.

Bodi ile haikukuita uombe huruma. Ilikuita utoe ripoti ya hasara. Itoe yote: kifungo kinavyokushinda, viatu, pasi, kisigino, na nani anakufunga kamba asubuhi. Wakikupunja baada ya kusikia ukweli wote, nitawaandikia mimi mwenyewe, na kalamu yangu si laini. Wakikupunja kwa sababu uliwaficha, sina la kuwaandikia.

Hakuna atakayekulazimisha. Unaweza kukunja gazeti hili ukaenda kupiga saluti nyingine, ni shingo yako. Lakini mwanamke aliyekaa hapo pembeni amenyamaza, na kwa jinsi ninavyomjua kwa barua moja tu, kunyamaza kunamtoa jasho. Kitambaa kiko mezani hakijakatwa, na mkasi anao yeye. Mwambie unataka shati la namna gani.