Mawazo ya Baba Nayatunga Mimi

Mshauri, shikamoo. Hili sijamwambia mama, sijamwambia shangazi, wala rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja hadi tukamaliza shule: yale mawazo mazito ambayo baba anawasomea wageni sebuleni kila Jumapili, wanayoyapigia makofi, si yake, ni yangu, nayatunga mimi yeye akiwa amesinzia kwenye kiti, na sasa yananikosesha chuo.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, mwenye haya kiasi kwamba dukani huwa nanyoosha kidole badala ya kusema ninachotaka, na nimepata nafasi ya kusomea upimaji ardhi, kazi niliyoipenda tangu nilipowaona wapimaji wakisimamisha chombo chao cha miguu mitatu mbele ya nyumba yetu, wakachungulia, wakaandika, wakaondoka bila kumsemesha mtu. Baba alikuwa msimamizi wa bohari ya idara ya maji na amestaafu juzijuzi. Likizo iliyopita shangazi, dada yake mkubwa, alitualika kwake, na kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki akatupeleka kwenye nyumba aliyoishi mwanafalsafa mmoja wa zamani, ambayo sasa ni makumbusho, na ndani kuna mwongozaji wa kueleza habari zake.

Mshauri, sijawahi kuona watu wazima wakijidhalilisha vile. Walitembea kwa kunyata kama wamekwenda kumwona mgonjwa. Kulikuwa na kiti kilichozungushiwa kamba, bwana mmoja akakiinamia akasema, "Aaa, ndiyo," kana kwamba kiti kimemjibu, na mama mmoja akapiga picha kandambili za marehemu zilizowekwa kwenye kabati la kioo, ya kushoto kwanza, kisha ya kulia. Mwongozaji, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, akasema katika chumba hiki chenye madirisha makubwa marehemu aliandika kwamba kila binadamu amezaliwa huru, kisha akafungua mlango mwembamba akatuonyesha kijichumba kisicho na dirisha hata moja, meza na kigoda, akasema hapa ndipo binti yake, aliyeacha masomo akiwa na umri kama wangu, alipokaa kuandika mawazo ya baba yake mpaka kichwa kikawa na mvi.

"Huyu binti," akasema, "ndiye ua la nyumba hii."

Shangazi akauliza, "Na hilo ua, liliwahi kutoka nje?"

"Mama, alijitoa kwa ajili ya mawazo ya baba yake."

"Makubwa! Na aliyepika ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe, mama."

"Basi mwanangu, hilo si ua, hilo ni jiko."

Watu wakamgeukia, "Shhh!" Mimi nikauma mkono wa sweta nisicheke. Nilipoinua macho nikaona baba hatazami kigoda. Ananitazama mimi.

Tuliporudi nyumbani akaitoa cherehani ya mama, ambaye hushona sare za shule, akaisukumia kwenye ujia, na chumba cha kushonea kikaitwa chumba cha fikra. Akaniambia, "Mwanangu, chuo hakikimbii. Kaa nami mwaka mmoja tu unichapie mawazo yangu, dunia isije ikayakosa." Mama naye anasema, "Mwache, angalau siku hizi hanifuati jikoni kukagua vitunguu." Basi kila asubuhi nakaa na kompyuta kuukuu ya kaka, baba anafumba macho anasema, "Andika. Mtu ni kama bomba." Nangoja. "Bomba... ni bomba." Kisha anakoroma. Siku ya kwanza niliona haya jina la baba yangu kukaa chini ya maneno yale, nikaongeza: bomba halijui kiu ya anayelifungulia. Alipoamka akasoma, akashangaa, "Kumbe nilisema hivi!" Jumapili jirani yetu, mwalimu mstaafu, akapiga paja, "Mzee, wewe si bomba, wewe ni chemchemi!" Tangu hapo ule mwaka mmoja anaoniomba umegeuka miwili, na sasa anataka kitabu.

Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Nikimwambia ukweli nitamwaibisha, nikinyamaza nitazeekea pale, na kinachonitesa zaidi ni kwamba nampenda baba yangu na papo hapo namdharau. Nifanye nini?

*Mwenye haya*

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Tummalize marehemu kwanza. Mtu anayeandika habari za uhuru huku mwanawe yuko kwenye kijichumba kisicho na hewa hakuhitaji wasomaji, alihitaji dada kama shangazi yako. Na mwongozaji wake akajifunze kumtambua mfungwa kabla ya kumwita ua.

Baba yako simlaumu sana. Mtu ameshika funguo za bohari maisha yake yote, siku anazikabidhi anajiona mikono mitupu, halafu anaonyeshwa mwenzake ambaye hata kandambili zake zimewekwa kwenye kioo. Atakosaje kutamani? Ila atamani kwa jasho lake. Chuo hakikimbii, ni kweli. Nafasi ndiyo yenye miguu.

Sasa wewe. Haya gani hizo, binti, za kumtungia mzee mzima falsafa na kumtilia kinywani akiwa usingizini? Unalalamika umefungiwa, kumbe ni wewe unayempelekea mlinzi chai. Na unamdharau kwa maneno yake mwenyewe ambayo hujampa hata nafasi ya kuyasoma. Mpe.

Kesho chapa anachosema, hichohicho, usiongeze hata nukta. Akisema bomba ni bomba, liwe bomba. Akikoroma, acha ukurasa mweupe. Atauliza, "Mengine yako wapi?" Jibu, "Baba, leo yameishia hapo." Maneno hayo hata mwenye haya anayaweza. Mtu akijisoma mwenyewe siku mbili tatu, homa ya vitabu hushuka bila dawa.

Leo hii mpigie shangazi, mtajie tarehe ya chuo, umwombe aje akusindikize. Huyo hatanyamazishwa na "shhh" ya mtu. Kisha wewe na mama irudisheni cherehani chumbani, maana sare za watoto zinavaliwa, mawazo ya mzee hayajamsitiri mtu bado. Siku ya kufungua, uwe getini mwa chuo na sanduku lako.

Kuhusu ukweli, usimwambie. Uliyokwisha kumwandikia ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Dharau itapungua ukishakaa mbali naye, utamkumbuka hata kwa huko kukoroma.

Nanyi wasomaji wangu, kama kuna sebule mnayokaribishwa Jumapili na hekima ya mwenyeji imekauka ghafla, kunyweni chai yenu, msifieni sukari, na haya mliyoyasoma hapa msiyatoe nje.